Fimbo ya biyari yenye majina mawili: ilitoka wapi, na bei yake ni ngapi kweli?

KALEMIE – Mara nyingi jambo linaanza hivi. Mtu anashuka bwato kutoka Kigoma, ao anafika na lori kutoka Lubumbashi, akiwa na fimbo ya biyari ndani ya mfuko mweusi wenye zipu. Fimbo inafunguka vipande viwili, inang'aa, na juu yake kuko majina mawili. Moja ni la kampuni ya fimbo. Lingine ni jina lenye kila mtu anajua: la pikipiki, la bia, ao la mchezaji mkubwa wa zamani.

"Papa, hii si ya hapa. Hii ni ya Amerika, angalia majina yote mawili," mwenye kuuzisha anamwambia mwenye meza. "Dola 150, ni bei ya rafiki."

Mwenye meza anabaki na mawazo. Dola 150 kwa Kalemie ni feza ya masomo ya watoto, ao kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Lakini anawaza pia: kama kweli fimbo hii ni ya mamia ya dola, si ni bahati imekuja mlangoni?

Kuko namna ya kujua. Haiombi mashine wala fundi wa Ulaya. Inaomba macho, rula, meza tambarare na subira ya nusu saa. Na inaomba kuelewa jambo moja kwanza: juu ya fimbo yenye majina mawili, jina lenye kujulikana zaidi mara nyingi silo la mtu aliyeitengeneza.

Majina mawili, kazi mbili

Fimbo ya namna hii inazaliwa kwa mapatano. Kampuni moja iko na kiwanda, mbao na mafundi. Kampuni ingine, ao mchezaji, iko na jina. Mwenye jina anatoa ruhusa, analipwa, na jina lake linapigwa juu ya fimbo. Yeye hagusi mbao hata siku moja.

Mfano wenye kujulikana sana ni wa Marekani. Kampuni ya McDermott ilianza kutengeneza fimbo mwaka wa 1975 katika jimbo la Wisconsin. Katika jimbo lile lile, mji wa Milwaukee, kuko kampuni ya pikipiki ya Harley-Davidson. Katika miaka ya 1990, McDermott ilitoa fimbo zenye alama ya Harley-Davidson kwa ruhusa. Watu wa pikipiki walizinunua, watu wa biyari vilevile, na mpaka leo kuko wenye kuzikusanya. Lakini ubora wa fimbo ile unatoka kwa McDermott. Jina la pikipiki linaongeza hamu ya mnunuzi tu. Likiwa juu ya fimbo isiyo na alama ya McDermott, ni lazima kuuliza upya: nani aliitengeneza?

Mambo haya si mapya. Kampuni ya Brunswick, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1845, iliuzisha kwa miaka mingi fimbo zenye jina la Willie Hoppe, bingwa wa biyari aliyefariki mwaka wa 1959. Hoppe alikuwa mchezaji, hakuwa seremala. Jina lake lilisaidia fimbo kutoka dukani.

Bia nazo ziko na njia yao. Ngambo ya ziwa, Tanzania, Safari Lager ilidhamini kwa miaka mingi mashindano ya taifa ya pool, vile wenzetu wa kule wanavyoita mchezo huu. Mashindano kama yale yanaleta fulana, kofia, vitambaa na hata fimbo zenye jina la bia. Hakuna kiwanda cha bia chenye kuchonga fimbo. Fimbo yenye jina la bia ni tangazo. Kinachobaki kutafutwa ni kiwanda gani kilipewa kazi, na mara nyingi jibu ni kiwanda cha China chenye kutengeneza maelfu za namna moja.

Jina la kweli, bei tofauti

Mtu anaweza kusema: kama jina si la uongo, shida iko wapi? Habari ya George Balabushka inaonyesha shida iko wapi.

Balabushka alizaliwa Urusi, akahamia Marekani, na tangu mwaka wa 1959 mpaka kifo chake mwaka wa 1975 alitengeneza fimbo kwa mikono yake huko New York. Si nyingi. Wachezaji wakubwa walizitafuta, na leo moja ya kweli, yenye kuthibitishwa, inauzwa kwa maelfu ya dola, na zingine zinapita dola 10,000.

Mwaka wa 1986 ikatoka filamu The Color of Money, ya Paul Newman na Tom Cruise. Ndani yake, fimbo ya Balabushka inaonyeshwa kama hazina. Dunia nzima ikajua jina lile. Lakini fimbo yenye kuonekana katika filamu haikuwa ya Balabushka: ilikuwa ya kampuni ya Joss, iliyochaguliwa kwa sababu inafanana.

Kisha kuko fimbo za namna ya tatu. Kisha fundi kufariki, jina la Balabushka liliwekwa kwa ruhusa juu ya fimbo zilizotengenezwa Japani na kampuni ya Adam. Ni fimbo nzuri, za kuchezea vizuri, na si za uongo. Lakini bei yake ni ya mamia ya dola, si ya maelfu.

Basi kuko fimbo tatu: ya fundi mwenyewe, ya filamu, na ya ruhusa. Mbili kati yake zinabeba jina moja, zote mbili kwa haki, na tofauti ya bei inaweza kuwa mara kumi ao zaidi. Mwenye kuuzisha akisema "jina ni la kweli", anaweza kuwa anasema kweli, na mnunuzi akapoteza feza hata hivyo.

Namna ya kuichunguza

1. Soma maandishi madogo kwanza. Acha jina kubwa. Zungusha fimbo polepole, angalia karibu na kiungio cha katikati na kwenye kitako, fasi yenye kipande cha mpira. Kule ndiko kampuni nyingi zinaweka alama, namba ya modeli ao namba ya mfululizo. McDermott, kwa mfano, inaweka alama ya jani la klova. Angalia pia mfuko na kibandiko chochote. Sheria ya Marekani inaomba bidhaa ya kutoka inchi ingine iandikwe ilikotoka. "Made in Japan", "Made in Taiwan" ao "Made in China" ni maneno matatu yenye kusema mengi kuliko nembo ya dhahabu. Fasi yenye alama ya gundi ya kibandiko kilichotolewa, uliza nani alikitoa na kwa nini.

2. Pima urefu na ncha. Fimbo ya biyari ya Kimarekani kwa kawaida iko na sentimita 147 hivi, na ncha ya milimita 12 ao 13. Fimbo ya snuka na ya biyari ya Kiingereza iko na ncha nyembamba, milimita 8 na nusu mpaka 10. Fimbo ya biyari isiyo na matundu, ile Wabelgiji na Wafaransa wanapenda, ni fupi kidogo, karibu sentimita 140, na mara nyingi kiungio chake ni cha visi ya mbao. Kipimo kinakuambia fimbo ilizaliwa kwa mchezo gani. Mtu akisema "hii ni ya mabingwa wa Amerika" na ncha iko na milimita 9, maneno na fimbo havipatani.

3. Fungua, hesabu visi. Hili ni jambo lenye watu wengi hawajui, na ndilo lenye kusaidia zaidi. Visi ya katikati ni kama alama ya kidole ya kiwanda. Weka rula kando ya visi na hesabu meno ndani ya sentimita 2 na nusu, maana yake inchi moja. McDermott nyingi ziko na visi nene, karibu milimita 9 na nusu, yenye meno 10. Joss na Balabushka za Adam mara nyingi ziko na visi ya milimita 8 hivi yenye meno 14. Meucci, kampuni ingine ya Marekani, imezoea meno 18. Predator inatumia visi ya kufunga haraka, yenye kushika kisha mizunguko michache tu. Visi peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu viwanda vingi vinaiga. Lakini inaweza kukataa: fimbo yenye kusemwa ni McDermott ya miaka ya 1990, na visi yake ni nyembamba yenye meno 18, inaomba maelezo.

4. Pitisha ukucha juu ya mapambo. Kwenye fimbo ya gharama, ile mishale mirefu ya rangi juu ya kitako ni vipande vya mbao vilivyochomekwa ndani ya mbao. Ncha zake zinaweza kutofautiana kidogo sana, sababu ni kazi ya kuunganisha. Kwenye fimbo ya bei ndogo, mishale ni karatasi nyembamba iliyobandikwa kisha kupakwa vernisi. Iangalie kwa mwanga wa jua: picha iliyochapishwa inaonyesha vitone vidogo, na mishipa ya mbao haiendelei ndani ya pambo. Kama vernisi imepasuka kidogo, mara ingine ukingo wa karatasi unajionyesha wenyewe.

5. Tafuta mbao ya ndani. Toa kipande cha mpira cha kitako kama kinatoka bila nguvu. Ndani, rangi haikufika. Fimbo yenye kung'aa nyekundu kama mukula kwa inje inaweza kuwa mbao nyeupe ya kawaida kwa ndani. Upande wa mbele, fimbo za Kimarekani zinatengenezwa na mti mgumu mweupe ambao kwa Kifaransa unaitwa érable, wenye mishipa myembamba isiyoonekana sana. Fimbo za Kiingereza zinatengenezwa mara nyingi na frêne, yenye mishipa myeusi yenye kuchora kama vichwa vya mishale. Fimbo nyingi za bei ndogo zilitengenezwa na ramin, mti wa Asia ya Kusini-Mashariki uliokatwa mpaka mataifa yakauweka chini ya ulinzi wa mapatano ya CITES mwaka wa 2005.

6. Viringisha. Unganisha fimbo, ilaze juu ya meza, isukume polepole. Angalia mwanga chini ya sehemu ya mbele. Kama inaruka-ruka, imepinda. Kisha viringisha kila kipande peke yake, kwa sababu kosa linaweza kuwa kwenye kiungio tu. Hewa ya kando ya ziwa ni yenye unyevu, na fimbo iliyokaa miaka imeegemea ukuta inapinda hata kama ilitoka kwa fundi mkubwa. Fimbo yenye kupinda inapoteza sehemu kubwa ya bei yake, jina lolote liwe juu yake.

Pembe ya tembo: zawadi yenye hatari

Kuko jambo lingine lenye kugusa Kalemie moja kwa moja. Katika karne ya 19, mipira ya biyari ya Ulaya na Marekani ilichongwa kutoka pembe za tembo. Pembe nyingi za mashariki ya Kongo zilivuka ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, kisha zikabebwa mabegani mpaka pwani na Zanzibar. Mtowa, kaskazini ya Kalemie ya leo, ilikuwa moja ya vivuko vya misafara ile. Wenye kubeba wengi walikuwa watumwa. Kabla mtu wa hapa hajashika fimbo ya biyari, mchezo ule ulikuwa umekwisha kupita hapa, ukiwa bado ni pembe.

Leo mipira ni ya resini. Ile yenye jina la Aramith inatengenezwa Ubelgiji na kampuni ya Saluc. Lakini fimbo za zamani, na zingine za gharama, ziliendelea kuwekwa pembe: ile pete nyeupe karibu na ncha, kiungio, ao vitone vya mapambo.

Mwenye kuuzisha anaweza kusifu: "Hii nyeupe ni pembe ya kweli." Sifa hiyo ingefaa kumrudisha mnunuzi nyuma. Biashara ya pembe kati ya mataifa ilikatazwa na CITES mwaka wa 1989, na Kongo ni mwanachama tangu 1976. Kuvuka mpaka na kitu chenye pembe bila karatasi kunaweza kumletea mtu kesi, na fimbo kuchukuliwa. Ukiangalia kwa kioo cha kukuza, pembe ya tembo inaonyesha mistari yenye kupishana kama wavu, mfupa unaonyesha vitone vidogo vyeusi, na plastiki haina kitu. Mara nyingi sana ni plastiki. Kwa mnunuzi wa Kalemie, hiyo ni habari njema.

Bei tatu za fimbo moja

Fimbo moja iko na bei tatu, na ugomvi mwingi unatoka kwa kuzichanganya.

Ya kwanza ni bei ya kuchezea. Fimbo ni nyoofu, ncha yake ni nzuri, inafaa kwa mipira ya meza yako? Meza zenye mipira midogo ya milimita 51 zinapatana na ncha nyembamba. Mipira ya Kimarekani ya milimita 57 inaomba ncha nene. Fimbo nzuri isiyopatana na meza yako, kwako si nzuri.

Ya pili ni bei ya wenye kukusanya. Hiyo inaomba mambo manne kwa pamoja: mtengenezaji anajulikana, modeli inajulikana, fimbo haikutengenezwa upya, na kuko uthibitisho. Likikosa moja, bei inashuka. Hapa ndipo jina la pili linaweza kuongeza kitu kweli, kama kwa McDermott ya Harley-Davidson, yenye kuuzwa kwa kawaida kwa mamia ya dola ikiwa safi. Jina la bia juu ya fimbo ya kiwanda cha kawaida haliongezi karibu kitu. Fimbo za namna hiyo zinapatikana mpya huko Marekani kwa chini ya dola 50.

Ya tatu ni bei ya hapa. Mwenye kuuzisha anaonyesha simu: "Angalia, kwa intaneti ni dola 600." Ile dola 600 ni bei yenye mtu anaomba. Haionyeshi kama kuko mtu aliyelipa. Inayofaa kuangaliwa ni bei ya fimbo zilizokwisha kuuzwa. Na hata kama kuko mnunuzi kule, fimbo iko Kalemie: kuko safari, kuko kifurushi kirefu chenye kuvunjika, kuko ushuru.

Mwenye meza anaweza kufanya hesabu yake rahisi. Tuseme mchezo mmoja unamwingizia franka 500, na dola moja ni franka 2,500. Dola 150 ni franka 375,000, maana yake michezo 750 ili feza irudi. Na wachezaji hawatalipa zaidi kwa sababu fimbo iko na jina la pikipiki.

Kabla ya kutoa feza, na kabla ya kuuzisha

Kama fimbo imepita majaribio yale sita, piga picha tano kwa mwanga wa mchana: fimbo nzima, maandishi, visi na rula kando yake, mapambo kwa karibu, na kitako. Picha hizo ziandikiwe kampuni yenye jina la mtengenezaji. Kampuni nyingi zinajibu kuhusu modeli zao za zamani, na kuuliza ni bure. Mwenye kuuzisha mwaminifu anaweza kungoja siku mbili tatu.

Ushauri huu ni kwa mwenye fimbo pia. Kuko familia zenye fimbo ya zamani iliyoachwa na mzee, imelala juu ya kabati. Mara nyingi kitu cha kwanza chenye kijana wa nyumba anafanya ni kuipiga msasa na kuipaka vernisi mpya ili ing'ae. Asifanye hivyo. Msasa unafuta maandishi madogo, na maandishi yale ndiyo bei. Aipanguse na kitambaa kikavu, ailaze chini badala ya kuiegemeza ukutani, kisha atafute kwanza nani aliitengeneza.

Na yule mwenye meza wa mwanzo? Kama fimbo yake imeonekana ni nyoofu, yenye mbao nzuri, lakini ya kiwanda cha kawaida, hakuna ubaya kuinunua. Ailipe bei ya fimbo nyoofu, asilipe bei ya pikipiki. Na kama mwenye kuuzisha anakataa fimbo iviringishwe juu ya meza, ao kifunguliwe kiungio mbele ya watu, afunge mfuko wake na aende nao.